Kaa adai asante yake

Katika karakana ile ya kushona sare, wakataji wote huizunguka meza kwa kuelekea upande mmoja, mkono wa kulia umeshika mkasi na wa kushoto umebana kitambaa. Ni mmoja tu anayekwenda kinyume. Ni mama wa makamo anayetumia mkono wa kushoto, na kwa kuwa mikasi ya pale imetengenezewa wa mkono wa kulia, ubapa wake humficha mstari wa chaki. Kwa hiyo hulazimika kuinamisha kichwa juu ya mkasi kama anayechungulia chungu kilicho motoni. Kiwiko hukitoa nje, ncha ya ulimi huitokeza bila kujua, na hutembea ubavu ubavu. Kwa mwendo huo wenzake walimwita Kaa, yule mnyama wa ufukweni.

Jina hilo halikumkera. Aliyelitunga ni mpiga pasi, mwanamke asiyejua kunong'ona, naye alilisema mbele yake mchana kweupe. Kaa akamjibu kuwa ajihadhari, gando analo. Wakacheka, likaisha.

Lililomkera lilikuja kwa tabasamu.

Mzee aliyekuwa mkataji mkuu alikaribia kustaafu. Alikuwa amemwambia Kaa waziwazi kwamba nafasi yake kwenye kichwa cha meza, pale anaposimama anayeamua kitambaa kilazwe vipi na wengine wafuate, ingekuwa yake. Kaa aliisubiri kwa miaka, bila makeke. Kilichobaki ni meneja kukubali, na meneja huyo alikuwa mgeni, bado akijifunza ni nani hufanya nini.

Siku moja wakaja wageni wawili kutoka hospitali kubwa, mwanamume na mwanamke, kuitazama karakana kabla ya kuagiza sare za wauguzi. Meneja alivaa tai. Aliwapitisha meza kwa meza akizungumza Kiingereza tangu mlangoni, na alipofika kwa Kaa alimkuta ameinama, ulimi nje. Akamwelekezea kalamu, akacheka kidogo, akawaambia kwamba huyu hukata kitambaa "maladroitly".

Wageni walitabasamu. Kaa alijua anasemwa yeye, na alichokiona ni meno tu. Akainuka, akafuta chaki kwenye aproni, akatoa Kiingereza alichokuwa nacho: "Thank you, sir." Meneja akaitikia kwa kichwa, akasonga mbele.

Mchana wote hapakuwa na mazungumzo mengine. Mpiga pasi alitoa hukumu kwamba neno refu namna ile haliwezi kuwa tusi, matusi yote anayoyajua ni mafupi. Mshona vifungo alisema linafanana na dawa ya kumeza baada ya chakula. Walikubaliana kuwa ukuu umeshaingia mfukoni, wakamdai soda. Kaa akawanunulia.

Nyumbani alimsimulia wifi yake, mdogo wa mumewe, ambaye anaishi nao na anafundisha Kiingereza sekondari. Neno lenyewe alilitamka vizuri, maana alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima. Wifi alikiri hajawahi kukutana nalo, hata kwenye mtihani. Akaleta kamusi, akapitisha kidole, kidole kikasimama. Kisha akaifunga na kusema ngoja kwanza aweke chai.

"Wifi, sema."

"Keti basi."

"Nimeketi tangu uingie."

Wifi akaisukuma kamusi kando, akasema, "Maana yake ni kufanya kazi kwa mikono mizito. Kuboronga."

Kaa hakulia. Kuambiwa ameboronga halikuwa jambo geni kwake. Alipoanza kazi aliwahi kulaza kitambaa kinyume na wenzake, akakata rundo zima la mikono ya mashati, yote ya upande mmoja. Shati gani lina mikono miwili ya kushoto? Mzee alifoka mpaka miwani ikamteleza, na karakana nzima ilisikia. Kaa alijitetea, akashindwa, akakata upya. Yale yalikuwa maneno ya kujibika. Haya ya sasa aliyapokea kwa mikono miwili, kilemba cha ukoka kichwani, na soda akanunua.

"Nilimshukuru," alisema. "Wifi, mimi nilimshukuru."

Wifi alijaribu kumtuliza. Pengine bosi alitania tu, tena neno lenyewe halitumiki sana, hata huko kwa wenyewe ni wachache wanaolisema. Ndipo Kaa alipochemka kweli. Aliuliza kwa nini basi mtu alifuate mbali kote huko, kama si kwa ajili ya kumwacha yeye asiweze kufika.

Asubuhi iliyofuata mzee alimvuta pembeni na kumpa habari huku akitazama sakafu. Meneja ameamua ukuu uende kwa mkata kola, mtu mpole asiye na neno na mtu. Sababu ni kwamba wageni wameshaelezwa habari za Kaa, na haitapendeza wakirudi wamkute ndiye yuko mbele.

Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, wafanyakazi husimama baina ya meza na meneja hutaja kazi za siku. Mwisho huuliza kama kuna mwenye jambo, na kwa kawaida hakuna. Siku hiyo Kaa aliinua mkono, ule wa kushoto.

"Bosi, jana nilikupa asante. Nimekuja kuichukua."

Watu walicheka, na meneja naye akacheka. Kaa hakucheka. Alimwomba alirudie lile neno kwa Kiswahili, maana wote walilisikia na wote walimpongeza. Meneja alisema ni neno la kitaalamu, gumu kulifasiri, lina maana ya mtindo ulio tofauti na wa wengine. Kaa akamuuliza kama kuboronga hakukaribii. Kicheko kikakatika. Mpiga pasi, aliyekunywa soda ile kwa furaha kuliko wote, aliangalia viatu vyake.

Meneja alisema mambo kama hayo huzungumzwa ofisini.

"Hukulisema ofisini."

Meneja alilegeza tai. "Haya. Nilisema unaboronga."

"Kipande kipi?"

Alitazama meza kama aliyetegemea kipande chenyewe kijitokeze. Mwishowe alisema alichokiona ni namna anavyosimama.

"Kitambaa hukukitazama."

"Sikukitazama."

"Basi wageni wakirudi, waambie hivyo hivyo. Kwa lugha hii hii."

Walirudi wiki iliyofuata kuchukua sampuli, na mashine nyingi zikawa na sababu ya kusimama. Tumpe haki yake, meneja hakukwepa. Alisimama mbele ya Kaa, akasema kwa Kiswahili kwamba mama huyu hukata kwa mkono wa kushoto, na kwamba siku ile alimsema vibaya bila kuangalia kazi yake.

Yule mgeni wa kike alijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha meneja. "Hata sisi tulishangaa. Ila tulidhani mwenyewe amekubali, maana alikushukuru."

Kumbe muda wote ule hapakuwa na aliyehitaji Kiingereza. Kaa aliyasikia hayo, na uso ukamwaka.

"Hiyo asante nimeshaichukua, dada," alisema, bila kuinua kichwa.

Oda ilikuja. Siku mzee alipoaga, meneja alitangaza mbele ya wote kwamba uamuzi wa kwanza ameufuta, na kwamba kichwa cha meza sasa ni cha Kaa. Watu wakamgeukia, wakisubiri lile neno ambalo husemwa mahali kama hapo. Mpiga pasi alikohoa kumkumbusha.

Kaa alichukua mkasi, akaizunguka meza kwa upande wake mpaka kichwani, akainama juu ya kitambaa, ulimi nje.