Kompyuta Zilizovishwa Vitambaa

Chumba cha kompyuta cha shule yetu kilikuwa stoo ya majembe kabla wafadhili hawajatuletea mashine. Mwalimu mkuu aliyatoa majembe, akapaka kuta rangi ya samawati, akaweka vyuma madirishani na kufuli la ukubwa wa ngumi mlangoni. Akina mama wa kamati ya shule nao, kwa kuwa katika nyumba za kwetu Dagoretti, Nairobi, kitu cha thamani hakikai uchi, walifuma vitambaa. Kila kioo kilipata chake, cheupe chenye maua ya manjano pembeni, na kila kasha la chini likapata chake. Mashine zilipendeza. Zilikaa hivyo, zimependeza na zimezimwa, karibu mwaka mzima.

Wageni walipokuja, watoto wachache wenye sare nzima walivua viatu mlangoni, wakakaa mbele ya vioo, wakapigwa picha. Wageni walipoondoka, vitambaa vilirudi. Mimi nilikuwa nafundisha hesabu darasa la sita hadi la nane, na tangu karo ifutwe watoto walikuwa wamejaa mpaka wengine wanaandikia magotini. Kila asubuhi nikitoka nyumbani mtaa wa Satellite nilijiambia nitapita mlango ule bila kuutazama. Sikuweza. Nilikuwa naudhika kabla hata ya kengele.

Shule yetu ilikuwa na desturi ambayo shule nyingi za wakati ule zilikuwa nayo. Mwisho wa darasa la saba, aliyepata chini ya nusu katika hesabu alirudia mwaka. Tuliambiwa si adhabu. Ilikuwa njia ya kulinda wastani wa shule katika mtihani wa taifa wa darasa la nane, maana shule ilipimwa kwa wastani huo, na wazazi walikuwa na macho. Kwa hiyo wazito walibakizwa nyuma ili wasituvute chini. Nilikuwa mwalimu mpya nilipoikuta desturi hiyo, na nilinyamaza.

Mwaka ninaousimulia, nilikuwa na msichana mmoja darasa la saba, mrefu kuliko wenzake wote, aliyekaa nyuma karibu na dirisha. Alikuwa amekwisha kurudia mara moja. Mdogo wake wa kiume alikuwa darasa la sita. Mapema mwaka huo alinifuata nje ya ofisi.

"Mwalimu, nikirudia tena, mwakani nitakuwa klasi moja na ndugu yangu," alisema. "Mimi hiyo siwezi. Nitaenda tu kwa saluni ya anti."

Saluni ya shangazi yake ilikuwa pale Dagoretti Corner, na kila Jumamosi alikuwa tayari anasuka huko, tena vizuri. Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananijulisha, kama mtu anayekueleza ratiba yake.

Tatizo lake halikuwa akili. Mwalimu wa kabla yangu alikuwa na mazoea ya kulisomea darasa makosa ya mtu kwa sauti, darasa likacheka, na msichana huyu akajifunza kutoacha kosa lolote la kusomwa. Alifuta. Alifuta hadi karatasi ikatoboka. Nilipopita dawatini kwake nilimkuta amefuta hata majibu sahihi, na mtihani ulipofika aliacha nusu ya nafasi wazi. Nafasi wazi haina cha kuchekwa.

Nikaenda kumwomba mwalimu mkuu ufunguo. Alikuwa mama mwenye heshima zake, aliyeongoza shule ile tangu wakati haina madawati, na alijua kwamba kitu kikivunjika kwetu hakirudi.

"Mwalimu, hizo ni za wageni," alisema. "Zikiharibika tutawaonyesha nini?"

"Tutawaonyesha watoto wanaojua hesabu."

Alinitazama kama anayenusa kama nimelewa. Nikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Nadhani mwishowe alinipa ufunguo ili apumzike. Masharti: alasiri mbili kwa wiki, viatu nje, vitambaa vikunjwe vizuri na kurudishwa.

Sikuwa mjuzi wa kompyuta, na sitajifanya. Nilijua programu moja tu, ile ya majedwali, ambamo unaweza kuamuru kisanduku kimoja kizidishe vingine viwili. Nikawatengenezea visanduku vinne. Katika viwili unaandika urefu na upana wa shamba. Cha tatu kinakupa mzingo, yaani urefu wa ua wa kulizunguka lote. Cha nne kinakupa eneo. Watoto walikaa wanne wanne kwa mashine, miguu mitupu kwenye saruji, nikawauliza swali ambalo kila nyumba ya Nairobi ina maoni juu yake: ukiwa na ua wa futi mia tatu, ploti gani ni kubwa zaidi?

"Hamsini kwa mia," walisema kwa pamoja. Hawakuhitaji kufikiri. Hamsini kwa mia ndiyo ploti. Ndiyo wazazi wao waliyoiombea kanisani na kuitolea michango kwenye chama cha akiba. Waliandika, wakapata elfu tano, wakaegemea nyuma wameridhika.

Yule msichana hakuegemea. Aliandika arobaini na mia na kumi, eneo likapungua. Aliandika sitini na tisini, likazidi elfu tano. Nilisimama nyuma yake. Alikosea jumla, mzingo ukazidi mia tatu, akatoa tarakimu na kuweka nyingine, na kosa likaondoka bila kuacha alama wala shimo. Akajaribu tena. Sijui alijaribu mara ngapi, sikuhesabu, nilikuwa nawazuia wenzake wasimnyang'anye kibao cha herufi. Mwishowe alikuwa na sabini na tano kwa sabini na tano, na eneo lilikuwa elfu tano mia sita ishirini na tano.

"Mwalimu, zikitoshana ndio inakuwa kubwa," alisema. "Na hii kitu hainikasirikii."

Mvulana wa mashine ya pili alisema basi watu wa ploti wametuibia miaka yote, na darasa likacheka, lakini mara hii halikumcheka yule msichana. Nilienda nyumbani nimefurahi mpaka nikaunguza sukuma wiki.

Tuliendelea hivyo muhula mmoja na nusu. Kisha, alasiri moja tukiwa katikati ya somo, stima ikapotea. Vioo vikawa vyeusi. Tulingoja, haikurudi, kengele ikalia, tukafunga haraka, vitambaa vikabaki vimekunjwa. Hakuna aliyebonyeza kitufe, kwa sababu nani anazima kitu kilichozimika? Jioni ile akina mama wa kamati waliingia kufagia, maana wageni walikuwa wanatarajiwa kesho yake. Wakazikuta mashine uchi. Wakazivisha. Wakavichomeka vitambaa chini pande zote vizuri, kama mtu anavyofunika ugali usipoe, wakaenda zao. Stima iliporudi, mashine ziliwaka zenyewe, humo ndani ya sufu, na zikaendelea kuwaka mpaka asubuhi.

Harufu ndiyo iliyotupokea getini. Mbili zilikuwa zimekufa kabisa, na kitambaa kimoja kilikuwa cha kahawia katikati. Mama aliyekifuma alisimama amekishika, analia, na mimi nilitaka kulia naye. Huwezi kumgombeza mtu kwa kosa la kutunza. Mwalimu mkuu hakupaza sauti. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo, akautia mfukoni, na mlango ule haukufunguliwa tena mwaka ule.

Mtihani wa kufunga mwaka ulikuwa umekaribia. Msichana wangu alikuja ofisini akasimama mlangoni. Nilimwona usoni kwamba ameanza kujiandaa kwa saluni. Hapo nilikasirika kweli, si kwa mwalimu mkuu wala kwa mama wa kitambaa, bali kwa jinsi jambo lilivyotaka kuisha kirahisi hivyo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamwambia arudi darasani, nina mahali.

Sikuwa na mahali. Nilipatafuta Jumamosi nzima katikati ya mji, nikipanda na kushuka ngazi za majengo, nikiingia kila saiba, yaani duka la kukodisha kompyuta, na kuomba. Wengi walinicheka. Mwisho, orofani karibu na msikiti, nikamkuta mzee wa Mombasa mwenye kofia nyeupe, anazifuta mavumbi mashine zake.

"Watoto waja kutafuta nini humu, mwalimu?" aliuliza. "Isiwe michezo."

"Hesabu, baba."

Akafikiri. Akasema Jumapili asubuhi watu wa mji wako makanisani na duka lake huwa tupu mpaka saa nne. Nilipouliza malipo, alisema mashine zisipoguswa hazimletei kitu, kwa hiyo tukizigusa hatumpunguzii kitu. "Mje mapema tu. Na hesabu zenyewe ziwe hesabu."

Nikapita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa ya wazazi, nikachukua watoto wachache waliokuwa karibu na ule mstari wa nusu, na kila Jumapili tukaenda. Mchungaji wangu aliuliza kama nimehama kanisa. Nilimwambia nimehamia hesabu kwa muda, na hakucheka.

Pale saiba nilibadilisha kitu. Mtihani ungekuwa karatasi, na karatasi haisahau kama kioo. Kwa hiyo kila swali walilijaribu kwanza kwenye mashine, kisha nikazima kioo na wakalifanya kwa kalamu ya wino. Wino haufutiki. Ukikosea, piga mstari mmoja, teremka chini, anza tena. Msichana wangu aliichukia kalamu ile. Jumapili ya kwanza aliiweka mezani akakunja mikono. Nikakaa kando yake, nami nikakunja yangu. Watoto wengine waliendelea. Baada ya muda mrefu aliishika, akaandika, akakosea, akapiga mstari ulioviringika kwa hasira, akaandika tena. Mzee wa kofia alipita na birika la chai, akatazama ukurasa ule uliochafuka, akasema, "Hapa kuna mtu amefanya kazi."

Alama za mtihani zilibandikwa ukutani Jumatano. Alipungukiwa na mbili. Watoto wenye bidii ya kutangaza habari za wenzao walimpelekea kabla hajafika ukutani, naye akaja, akajionea, akatoka getini. Siku ya kufunga shule hakuja.

Mkutano wa walimu ulikuwa kesho yake. Majina ya wanaorudia yaliposomwa, lilipofika lake nilisimama.

"Huyu apande," nilisema.

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Mwalimu, asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Mimi si mshindani. Mimi ni mwalimu wa hesabu."

Baadhi walicheka, na kicheko kikanipa nafasi. Nikawaonyesha karatasi yake ya mwaka uliopita, nusu yake wazi, na ya mwaka huu, ambayo haikuwa na nafasi hata moja wazi. Nikasema aliyeacha wazi sijui pa kumshika, lakini aliyekosea kwa wino najua hasa alipoteleza. Nikasema pia lile ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyekuwa akilisema katika mikutano ile: mkimrudisha hatarudia, ataondoka, na wastani wetu utakuwa msafi kwa sababu hayupo.

"Na wastani ukishuka?" aliuliza mwalimu mkuu.

"La nane mwakani ni langu. Ukishuka, nipeleke la kwanza nikahesabu vijiti."

Alirudisha miwani usoni. "Mmoja," alisema. "Mmoja tu."

Nikapata mmoja. Wengine waliokuwa chini ya mstari walirudia, na wawili kati yao nilikuwa nimewapeleka mjini mimi mwenyewe. Jambo hilo bado linaniuma, na sitalipaka sukari.

Januari shule ilipofunguliwa, hakuwepo. Nilimuuliza mdogo wake kwenye foleni. "Yuko saluni," alisema, akitazama viatu vyake. Wakati wa mapumziko niliondoka bila kuaga, nikashuka hadi Corner.

Nilimkuta amesimama nyuma ya mteja, mama anayefanya kazi ya nyumba kwa matajiri wa mtaa wa Karen, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Shangazi yake alikuwa anaosha mtu mwingine.

"Umepita," nilimwambia. "Uko la nane."

"Nilipata chini, mwalimu. Niliona kwa ukuta." Vidole vyake havikusimama.

"Uliona alama. Mkutano hukuuona."

"Kwa hivyo mmenihurumia."

Hapo alinishika. "Wengine labda wamekuhurumia," nilisema. "Mimi nimeweka darasa langu rehani."

Alisuka mstari mzima kabla ya kujibu. "Na nikianguka?"

"Utaanguka mbele ya watu wote, na mimi pamoja nawe. Hiyo siwezi kukuondolea."

Mteja aligeuza jicho. "Wewe, usiniache na kichwa nusu. Mimi naenda kazi."

Nikavuta benchi nikakaa. Darasa la sita lilikuwa linanisubiri na sikujali. Shangazi alikuja akikausha mikono, akasema kwa upole, "Mwalimu, huyu ndiye mikono yangu." Nikasema najua.

Msichana alimaliza kichwa kile polepole, hakuruka hata mstari mmoja. Akamshikia mama yule kioo auone ukosi, akapokea shukrani, akanawa mikono, akavua aproni.

"Anti, naenda shule," alisema, na hakusema atarudi saa ngapi.