Mtori wa Mama kwa Bibi Mskoti

Juzi mgeni Mskoti aliomba "wee coffee" katika hoteli yangu hapa Moshi, na mhudumu akamletea kikombe kidogo kabisa. Mimi, mwenye stashahada ya hoteli niliyoisomea kwa jasho langu, nilimwelekeza: Waskoti huita "wee", yaani kidogo, hata kitu kikubwa, kwa upendo tu.

Lugha hiyo niliianza utotoni ughaibuni, katika mji wa Gaithersburg. Mama alikuwa kwenye majaribio ya kazi kwa bibi Mskoti aliyekwisha kuwafukuza watunzaji kadhaa. Mchana ule jiko lilinukia ndizi na nyama. Bibi aliketi mbele ya bakuli la mtori. Nilipoanza kuongea akaniambia, "Wheesht," yaani nyamaza. Alikula polepole, kijiko kikigonga bakuli, kisha akasema, "No bad."

Si mbaya tu? Nikajua kazi imepotea.

"Mama, nikalete koti lako?" nilinong'ona.

"La nini? Hawa wakikwambia si mbaya, mwanangu, ujue umewakosha."

Sikumwamini, mpaka bibi alipomnyooshea bakuli tupu na kumuuliza kesho angefika saa ngapi.