Kuku wa Mwanangwa

Jana, kwenye matanga ya baba, wanawake walipasua kuku, na harufu ya utumbo wenye joto ikanitoa nje kutapika.

Nilikuwa mdogo wazee walipotaka baba awe mwanangwa, mkuu wa kijiji. Kwanza ilimpasa kumtemea kuku mate mdomoni, kisha mganga ampasue kuku huyo na kusoma kama mizimu imekubali.

“Tema tu, kaka,” baba mdogo alisema. “Mungu wako hali kuku.”

“Kinywa hiki nimeshampa yeye,” baba akajibu, akameza mate.

Baba mdogo akamnyakua kuku, akamtemea kohozi la ugoro. Mganga akampasua, akapekua utumbo kwa kidole huku inzi wakitua. “Mizimu imekubali,” akasema.

Mwanangwa mpya akanyoosha mkono uliochafuka kinyesi cha kuku, akitaka apongezwe. Wazee walisita. Baba akawa wa kwanza kuushika.