Nilimposea Mke Mwanaume Ninayempenda

Ndugu zangu wa ukurasa huu, kwanza nashukuru kwa kunifichia jina. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, mwenyeji wa kusini. Nimepanga chumba Buguruni na ninauza mitumba Mchikichini. Sijaoa na sitaoa. Mwanamke sijawahi kumtamani hata siku moja. Wanaotaka kunitukana waanze hapa hapa, wakimaliza tuendelee.

Kuna mwanaume nampenda tangu mitumba iliporuhusiwa na vijana wa kwetu tukaja kujaa mjini. Nimwite Shomari. Tulianza pamoja, tukichangia belo moja la mashati na chumba kimoja, yeye akilala upande wa ukutani kwa sababu anaogopa panya. Kila tukikata belo, shati zuri kuliko yote nililiweka pembeni kabla wateja hawajaligusa, nikampa yeye. Alidhani ni ukarimu tu. Sikuwahi kumwambia ukweli. Ningemwambiaje, jamani? Mnajua mwanaume wa namna yangu anavyofanywa, na nyumba zetu za kupanga jirani akikohoa unamwambia pole bila kutoka kitandani.

Siku moja akanijia anacheka peke yake. "Kaka, nimepata mchumba, yuko Ilala. Hapa mjini sina mjomba wala baba mdogo. Mshenga wangu ni wewe."

Nikaazima kanzu, nikaenda. Nilikaa kwenye mkeka wa watu nikamsifu Shomari, na kila sifa niliyoitaja nilikuwa nayo moyoni miaka mingi. Baba wa binti akatikisa kichwa. "Kijana, sijawahi kuona mshenga anayemjua mtu wake hivi." Posa ikakubaliwa. Shomari alinikumbatia katikati ya barabara, watu wakipita na mikokoteni yao, na mimi nikatamani asiniachie. Siku ya harusi nilipakuliwa pilau, nikamsogezea mtoto aliyekaa karibu yangu.

Kumbe kazi ya mshenga haiishi kwenye harusi. Wakigombana, mimi ndiye wa kuitwa. Shomari akikasirika anakuja kwangu, anakula, ananisimulia, anacheka, halafu anarudi kwa mkewe. Niseme ukweli, nilikuwa nafurahi wakigombana. Nikisikia hatua zake nje naongeza unga kwenye sufuria.

Hapo katikati nikamjua mwanaume mwingine, nimwite Fundi. Anashona kwenye baraza la duka la vitambaa la Mhindi mmoja, Kariakoo. Mimi nilikuwa nampelekea nguo za kurekebisha. Siku moja akaniuliza, "Kila siku unaniletea mashati ya mtu mwenye mabega mapana. Wewe unavaa nini?" Nikamjibu kuwa mimi chochote tu. Nilipopita tena akanipa shati la kitambaa kipya, limenikaa sawasawa. Nikashangaa, maana hakuwahi kunipima. Akasema bila kuinua macho, "Nimekuangalia sana."

Nilimwelewa. Tukaanza taratibu, kwa woga. Ni mtu mkali wa maneno, hapendi mzaha mrefu, lakini ndiye mtu wa kwanza hapa mjini kuniuliza kama nimekula. Aliniambia ananipenda, kwa neno hilo hilo, nami nikaona aibu kama mtoto. Nampenda pia. Ila Shomari akigonga mlango, mimi hufungua.

Sasa mke wa Shomari ameondoka na mtoto wao, karudi kwao. Shomari amehamia kwangu na begi lake, akaniambia, "Mshenga ni wewe, nenda kamrudishe."

Nikaenda. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, akatuachia nafasi. Yule dada akaniambia, "Shemeji, mume wangu hanipigi wala hana mwanamke nje. Lakini tukikosana kidogo tu, huyo, kwako. Akirudi ameshakula na ameshacheka, mimi nabaki na hasira zangu kama mwehu. Mwambie nitarudi. Ila tuhame, tukae mbali na wewe, na wewe usije kwetu tena." Akanitazama kidogo. "Usinielewe vibaya." Sijui anajua nini.

Hayo ndiyo maneno niliyopewa nifikishe. Nilipofika nyumbani Shomari alisimama mlangoni, "Vipi, kaka?" Nikamwambia, "Bado wana hasira. Tuwape muda." Uongo mtupu. Tangu siku hiyo tunaamka pamoja, tunakwenda Mchikichini pamoja, tunakula sahani moja. Akimtaja mwanawe sauti inamkatika, na mimi nainama kula.

Nilimweleza Fundi, nikidhani atanihurumia. Akasimamisha cherehani. "Unamnyima mtoto baba yake ili mtu asiyekutaka alale chumbani kwako? Na mimi umeniweka wapi?" Akakata uzi kwa meno. "Kamwambie. Ukishamwambia, njoo. Usipomwambia, usije." Nikipita barazani kwake sasa ananisalimia kama mteja: mambo, poa, basi.

Jana Shomari alinishika bega akasema, "Kaka, wewe usiponisaidia nani atanisaidia?" Nimo chumbani na mwanaume niliyemtamani miaka yote, anapumua hapo karibu, na tangu nije mjini sijawahi kuwa mpweke namna hii.

Ujumbe wa mkewe nitaufikisha, hilo msinisukume, nimeshaamua. Kinachonishinda ni kingine. Akishaupata ujumbe huo, atafunga begi lake na hatakanyaga tena kwangu, na ataondoka akiamini nilikuwa kaka yake tu. Fundi anataka niende kwake nikiwa mwepesi, na mimi sijui nitakuwaje mwepesi na neno hili kifuani. Lakini nikilisema, huenda Shomari akanichukia, huenda akanitangaza soko zima, na Fundi akaumia pamoja nami.

Mlio na busara, na hasa ninyi mliowahi kupenda mtu asiyejua, niambieni: nimpe maneno ya mkewe tu nimfungulie mlango, au kabla hajatoka nimpe na yangu?