Bawaba Zisizotakiwa Kung'aa

Vern Kuhlman ana ugonjwa mmoja tu, na si ule wa moyo anaoudai daktari. Hawezi kuona chuma kilichofifia akakiacha kama kilivyo. Hata koleo lake la kuzolea theluji linang'aa, na mkewe Lorna hulificha wageni wakija, maana huishia kutembezewa hilo koleo kabla hata ya kukaribishwa kahawa. Nimekuwa nikipima kila kitokacho kwenye mashine za karakana yake ya vyuma tangu nilipokuwa msichana, kwa hiyo kumsema ni haki yangu.

Ugonjwa huo aliupatia kwa Trudy. Hapa mjini kwetu Meadville mafundi wazee wana meza yao kwenye mgahawa wa Trudy, ile ya dirishani, na Jumamosi asubuhi kila mwenye kazi mpya huitoa mfukoni akaiweka katikati ya vikombe. Wenzake huipitisha mkono kwa mkono, wakaisugua kwa kidole gumba na kuigeuza kwenye mwanga. Kusifu hakuna. Wakinyamaza, ujue umefaulu. Vern alipokuwa kijana alileta kipande chenye mikwaruzo ya mashine, na Gus Pfaff, mwenye karakana ya ng'ambo ya reli, akamuuliza kwa upole kama alikitafuna mwenyewe au alisaidiwa. Walimcheka miaka na miaka. Tangu siku hiyo msasa haukauki mikononi mwake.

Baadaye kazi zikahamia Uchina, na karakana zikafungwa moja baada ya nyingine. Ya Gus ikafungwa pia. Aliendelea kuja mezani, lakini mifuko yake ilikuwa mitupu, akawa anasugua kazi za wenzake tu. Vern alibaki na sisi watu wanne, na bwana mmoja wa Pittsburgh aliyelitaka jengo letu apikie bia. Alikuwa akija kupima madirisha huku sisi tukiwa kazini ndani, mtu hana hata haya.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyejaribu, ni Paige, binti yake Vern. Alisikia kwamba kampuni kubwa inayounda malori ya jeshi imeambiwa vifaa vyake vitengenezwe humu humu nchini, na sasa inahaha kutafuta karakana ndogo. Vern akacheka. Alisema jeshi halina habari na watu kama sisi. Paige akamjibu kwamba hatuendi kuliuzia jeshi, tunamuuzia anayeliuzia jeshi, tena tunaanza na kitu kidogo ambacho wakubwa wanaona uvivu kukigusa. Akaenda kwa washauri wa serikali ya jimbo, ambao kumbe hawalipishi kitu, akatusajili, akanunua chuma chenye ushahidi wa mahali kilikoyeyushwa. Vern alinung'unika wiki nzima kwamba siku hizi chuma kina cheti cha kuzaliwa na yeye chake hakijui kilipo.

Kitu kidogo chenyewe kilikuwa bawaba ya kifuniko cha sanduku la redio. Paige hakumung'unya maneno. Sampuli zikipita, karakana inabaki. Zikikataliwa, anampigia simu yule wa bia. Baba mtu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Ijumaa nilizipima zote, zikawa sawasawa na mchoro. Mchoro ulisema uso wa bawaba uachwe ulivyotoka mashineni, umefifia, tayari kwa rangi nyeusi. Nikazipanga sandukuni, nikaenda zangu nyumbani na roho safi. Jumatatu nafungua sanduku, naona makunyanzi yangu yote, na sikuwa nimeyaulizia. Bawaba zilikuwa vioo. Vern alikuwa amepita pale Jumapili, akitoka kanisani, na suti yake mwilini, akazisugua moja moja. Nilitaka kumpiga kwa sanduku, lakini gari la mkaguzi lilikuwa limeshaegeshwa mlangoni.

Mkaguzi wa ile kampuni, Bi Delphine Royce, alichukua bawaba moja, akatoka nayo nje kwenye jua na theluji, akaigeuza kidogo. Mwanga ukaenda kugonga ukuta wa kanisa, upande wa pili wa barabara.

"Bwana Kuhlman," alisema, "mimi nimesimama hapa na kule wananiona. Askari wako umwache aonekane hivyo?"

Vern alijibu kwa sauti ndogo kwamba hawezi kutoa kazi mbovu mlangoni kwake.

"Ubovu ndio huu. Hata rangi haitashika. Nani alikuomba?"

Paige alikuwa ameshatoa simu. Sote tulijua ni namba ya nani, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Ndipo Vern, mtu ambaye sijawahi kumsikia akiomba hata chumvi, akamwomba Bi Royce asiondoke, zitengenezwe nyingine mbele ya macho yake. Mama yule akatazama saa, akavua koti.

Paige akamkalisha baba yake kwenye kiti na kumwamuru aikalie mikono yake. Akaikalia. Mashine ikawa inatema bawaba, zimefifia kama ubao mkavu, na kila moja ikidondoka Vern alikuwa anafumba macho. Nikapima mimi, akapima Bi Royce.

"Zimepita," alisema.

Nililia, sifichi. Paige naye alilia. Vern aliuliza tu kama anaruhusiwa kuitoa mikono, kisha akauliza kama anaweza kuchukua bawaba moja aende nayo kwa Trudy. Bi Royce akacheka, akasema bawaba si siri ya taifa.

Nilidhani atabadili mawazo. Kumbe Jumamosi alikwenda, nami nikamfuata, nisikose hiyo. Akaitoa mfukoni, kavu, imefifia, ina mistari yote ya mashine, akaiweka katikati ya vikombe. Masikio yalikuwa mekundu kwa aibu. Gus ndiye aliyeichukua. Akaisugua kwa kidole gumba, akaigeuza kwenye mwanga, akarudia.

"Mbaya hii, Vern."

"Mbaya sana. Wanazitaka nyingi kuliko tunavyoweza kutengeneza."

Mezani wakacheka, wakamuuliza kama alisaidiwa kuitafuna. Gus hakucheka. Aliendelea kuishika ile bawaba, hakuipitisha kwa jirani yake kama ilivyo desturi.

"Sasa," alisema bila kuinua macho, "hamtahitaji mtu wa kuwasaidia kuziharibu?"

Vern alikunywa kahawa yake taratibu. Alikuwa amelisubiri swali la namna hiyo tangu ujana wake, na majibu ya kulipiza anayo tele, nayajua yote, amenisomea.

"Kazi zako zilikuwa mbaya siku zote," akamwambia. "Jumatatu uje mapema."