Rashidi Alilala kwa Sababu Walimnyima Kulala

Siku ya kwanza kuripoti kazini nilivaa viatu vya visigino virefu, na mnara ule ulikuwa na ngazi za chuma zilizosimama wima kama za kupandia darini. Nikavivua, nikapanda pekupeku. Juu nilimkuta Rashidi, aliyenitangulia kazini miaka michache. Aliitazama miguu yangu, akasema, "Umeanza vizuri, dada Yustina. Huku juu hatuonekani, tunasikika tu."

Mimi si mzaliwa wa Mtwara. Baba yangu alikuwa mwalimu kutoka Njombe, akahamishiwa huku nikiwa mdogo, nikakulia Magomeni ya huku Mtwara. Rashidi alikuwa mtoto wa wakulima wa korosho upande wa Naliendele. Chuoni nilifundishwa vitabu. Kazi ya kuongoza ndege nilifundishwa na Rashidi. Kiwanja chetu kilikuwa kidogo, kusini mwa mji, ukielekea mdomo wa Ruvuma. Jina lake naliacha, kwa kuwa baadhi ya wahusika bado wanakula mishahara.

Nieleze kazi yenyewe, kwa ajili yenu vijana. Mwongoza ndege hukaa mnarani na redio. Rubani hatui wala haruki mpaka umpe kibali, na hutoi kibali mpaka uhakikishe njia ya kurukia iko tupu, haina ndege nyingine, gari wala ng'ombe. Kila zamu ilitakiwa iwe na watu wawili. Mmoja anaongea na marubani, mwenzake anaitazama njia na kupiga simu vituo vya jirani, wakiwamo wenzetu wa ng'ambo ya mto, Msumbiji, ambao Kiingereza chao kilikuwa na Kireno kingi ndani yake. Baada ya muda mnapokezana. Utaratibu huo haukuwekwa kwa ajili ya starehe. Kukodolea macho anga tupu saa nzima kunachosha akili mpaka inakatika yenyewe, na wewe huna habari.

Nilipoanza tulikuwa wengi wa kutosha. Kisha mmoja akastaafu, hakuletwa mwingine. Wengine wakahamishwa, nafasi zao zikabaki tupu. Wakati huo huo watu wa gesi walikuwa wameanza kumiminika, na ndege zao ndogo za kukodi zikawa zinatua asubuhi na jioni. Mwishowe tukabaki mimi na Rashidi. Zamu ya watu wawili ikawa ya mtu mmoja, na mmoja wetu akiugua, mwingine anaunganisha zamu, yaani anamaliza ya kwake na kuendelea na ya mwenzake bila kushuka.

Tulikwenda ofisini kwa Mkuu wa Kituo. Tulikwenda pamoja, tukaenda tena kila mmoja peke yake, tukarudi tena pamoja. Alikuwa mtu mnadhifu, shati limepigwa pasi hata siku za joto kali.

"Tunasinzia, mzee," Rashidi alimwambia. "Si kwamba tunataka. Unajikuta hukusikia maneno mawili matatu ya rubani, na macho uliyafumbua muda wote."

"Vumilieni," alisema Mkuu wa Kituo. "Ninyi mnakaa kwenye kiti. Hambebi magunia bandarini."

"Tuombee watu makao makuu."

"Watu hakuna. Kunyweni kahawa."

Kahawa tulikunywa. Tulitafuna tangawizi mbichi, tulinawa uso, tuliongoza ndege tukiwa tumesimama. Usingizi wa namna ile hauji kama wageni wanavyokuja, kwa hodi. Unakukuta katikati ya sentensi.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa katika mwezi wa Ramadhani. Nilishikwa na malaria, daktari akaniagiza nipumzike. Mkuu wa Kituo akamwambia Rashidi aunganishe zamu yake na yangu, kisha zamu yake tena. Nilipopata nafuu kidogo nilijua hali atakayokuwa nayo mwenzangu, basi mchana ule nikaenda kumpokea kabla ya wakati wangu, kichwa bado kinagonga.

Nilipofika chini ya mnara nilisikia mngurumo wa ndege ikija kutoka baharini. Nikatazama kiwanjani. Mzee Chilumba, dereva wa trekta la kukatia nyasi, alikuwa mwisho wa njia, pale inapodidimia kidogo, mahali ambapo rubani hawezi kumwona mpaka awe karibu kabisa. Alikuwa akivuka na trekta lake kwa utulivu, kwa kuwa mnara ndio uliomruhusu kuingia.

Nilipanda zile ngazi na homa yangu. Redio ilikuwa inaita. Rubani alikuwa ameita mara nyingi bila kujibiwa, akadhani redio yetu imekufa, na alikuwa anashuka huku akitazama mnara apewe ishara ya taa. Rashidi alikuwa ameketi wima, hedifoni masikioni, maiki mkononi, macho nusu wazi. Ungemtazama kwa mbali ungesema yuko kazini.

Nilimpokonya maiki. "Ghairi kutua! Kuna trekta njiani! Panda juu!"

Ndege iliinua pua. Ilipita juu ya trekta chini mno, vumbi na majani yakaruka, na Mzee Chilumba nikamwona amelala kifudifudi kwenye nyasi. Sikujua kama amejitupa au amegongwa.

Rashidi alizinduka. Akanitazama mimi, akaitazama redio.

"Nimelala?"

"Umelala."

Hakujitetea. Alisimama, akauliza, "Chilumba yuko wapi?" Akashuka ngazi mbio, akakimbia kuvuka kiwanja kizima na swaumu yake, na mimi nikabaki kuizungusha ile ndege hewani mpaka njia ilipokuwa tupu. Chilumba alikuwa mzima. Niliwaona wawili hao wameketi chini kwenye nyasi, bega kwa bega, hakuna anayenyanyuka.

Kikao cha uchunguzi kilikuja na Meneja wa Kanda mwenyewe. Mkuu wa Kituo ndiye aliyeanza kusema, na alisema maneno ambayo yananichemsha damu hadi leo.

"Ni mwezi wa mfungo," alisema. "Mtu amefunga, hajala, jua kali. Kusinzia ni kawaida yao. Angejitafakari kabla ya kupanda mnarani."

Rashidi aliinamisha kichwa. Mimi sikuweza.

"Mimi ni Mkristo, sijafunga," nikasema. "Wiki moja kabla ya siku ile nilikuwa nimeshiba wali, na nilikaribia kulala katika kiti hicho hicho. Tulikuja ofisini kwako tukakueleza. Ulituambia tunywe kahawa."

"Hilo halimo kwenye ajenda," alisema Meneja wa Kanda.

Wakamwita Mzee Chilumba, wakitumaini atamlaani Rashidi. Yeye alisimama na kofia mkononi, akaongea Kiswahili chake cha Kimakonde, taratibu. "Aliyetaka kufa ni mimi. Na Rashidi sina ugomvi. Mie nataka nimjue yule aliyempangia kukesha."

"Hukuulizwa hilo, mzee."

"Haya. Basi nimejiuliza mwenyewe."

Rashidi alifukuzwa kazi kwa uzembe. Mimi nilihamishiwa mkoa wa mbali, wenyewe wakasema ni mahitaji ya kazi. Mkuu wa Kituo alipandishwa cheo, akaenda makao makuu. Na kabla sijamaliza kufunga mizigo, waongoza ndege wapya waliletwa pale kiwanjani, zaidi ya mmoja, wakiwa na mabegi yao na vyeti vyao. Kumbe watu walikuwepo. Walikuwepo muda wote tulipokuwa tunaambiwa hakuna.

Nilifanya kazi vituo vingine baada ya hapo, na nikafika kuwa Mkuu wa Zamu. Katika kituo kimoja cha bara, kijana mmoja niliyemsimamia alikuja kunipokea zamu akiwa hajalala, mkuu wetu amemuunganishia zamu. Nilimrudisha nyumbani. Mimi nilikuwa nimefika mwisho wa nguvu zangu, basi nikawatangazia marubani kwamba mnara unafungwa mpaka apatikane mtu aliyepumzika. Mkuu alipiga simu akifoka.

"Umefunga mnara kwa ruhusa ya nani?"

"Njoo ukae wewe kwenye kiti," nilimjibu. "Ukiweza, nitaufungua."

Hakuja. Alileta mtu kutoka kituo cha jirani, na mimi nikapewa barua ya onyo. Niliipokea, nikaenda kulala.

Nilipostaafu, siku ya kuagwa, mgeni rasmi alikuwa yule yule Mkuu wangu wa Kituo wa zamani, sasa ana kitambi na gari la serikali. Alinisifu kwa uvumilivu. Nilipopewa nafasi ya kushukuru, nilimtaja Rashidi kwa jina, nikaeleza kisa chote kama nilivyokieleza hapa, huku keki ikiningoja.  Nilipomaliza, mshereheshaji akaomba muziki.

Sasa ninaishi Shangani, hapa hapa Mtwara. Juzi nilikwenda kumtembelea Rashidi kwenye mashamba ya kwao. Mkewe, Somoe, alinitandikia mkeka barazani na kunikaribisha mihogo ya kuchemsha. Rashidi amezeeka, mikono imeganda utomvu wa mabibo ya korosho. Nilimsimulia ya siku ya kuagwa, na kwamba yule mtu alikuwepo akasikia kila neno.

"Alisema nini?" akauliza.

"Hakusema kitu."

 Somoe akatazama pembeni.

"Ningepewa siku moja tu ya kulala, dada Yustina," alisema Rashidi. "Moja tu. Sikuwa na ombi jingine."

Nyinyi mnaoingia kazi hii leo mna mitambo mipya na viti vya kuzunguka. Mkiambiwa vumilieni, mwambieni anayesema apande mnarani akae na nyinyi mpaka asubuhi. Akikataa, shukeni.