Mama Funguo na Mgonjwa Asiye na Homa

Niseme mapema nisije nikaitwa mnafiki: mlezi wa bweni letu la wasichana alikuwa mtu wa kuudhi. Aliongea nawe uso kwa uso kama anayemwita mtu ng'ambo ya uwanja. Hakujua kuomba, alijua kuagiza. Mimi ni muuguzi wa zahanati ndogo iliyo ndani ya bweni hilo, mlango wangu unatazamana na meza yake ya mapokezi, na kwa miaka kumi na minne haikupita siku bila yeye kunitafutia kosa. Leo namwandika kwa sababu ofisi ya juu imeshamwandika, kwenye faili lake, kwa maneno yao: mkaidi, asiyefuata utaratibu. Ukaidi ni kweli, siwezi kumsingizia upole. Hilo la utaratibu nalipinga.

Wanafunzi walimwita Mama Funguo. Nyuma ya meza yake palikuwa na ubao wa misumari mia moja na ishirini, kila msumari na namba ya chumba. Vyumba vyenyewe ni vya mtu mmoja mmoja, vyembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ukitoka unatundika ufunguo, ukirudi unauchukua. Kwa wengine huo ulikuwa ubao tu, ila yeye aliusoma. Ufunguo usipotundikwa siku mbili, maana yake mwenye chumba hajatoka, na hapo Mama Funguo alipanda ngazi na magoti yake mabovu, akagonga mlango mpaka jirani wakaamka.

"Fungua, mwanangu. Kama hutaki kuongea, usiongee, nitaongea mimi. Mimi sichoki."

Na kweli hakuchoka. Aliwatoa wengi namna hiyo, akawaleta kwangu wamefunikwa khanga yake, wengine hawajala tangu juzi. Ofisi ilimwandikia barua kumkumbusha kwamba kazi yake ni funguo, si watu. Barua hiyo aliikunja mara nne akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Sasa, katika vyumba vyote hivyo kimoja hakikuwahi kumpa shida: namba ishirini na sita. Binti wa chumba hicho alitundika ufunguo saa kumi na mbili asubuhi, akaja kuuchukua saa kumi na mbili jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mpole, msafi, salamu haimpiti. Mama Funguo akampa jina la Alfajiri, na jina hilo akaligeuza fimbo ya kuwachapia wengine.

"Mnamwona mwenzenu? Nyinyi jua linawakuta kitandani kama mizigo ya stoo! Mwigeni Alfajiri."

Mama Funguo alikuwa na presha, na kila mwezi alikwenda kliniki katika hospitali kuu ya mji. Siku moja akipita ukumbi wa macho akamwona Alfajiri kwenye benchi, begi la vitabu mapajani.

"Mwanangu, unaumwa macho?"

"Hapana, mama. Nimemsindikiza shangazi."

Akamtakia shangazi afya njema akaenda zake. Mwezi uliofuata akapita tena. Ukumbi uleule, benchi lilelile, begi mapajani.

"Bado shangazi?"

"Ndiyo, mama."

"Shangazi yako ana macho mangapi?"

Binti akataka kucheka, kicheko kikageuka kikawa kilio. Mama Funguo akaketi pale, akasahau presha, akasahau zamu yake ya kuonana na daktari. Yaliyotoka siku hiyo nayajua kwa sababu alinisimulia jioni yake akiwa amesimama katikati ya zahanati, mkoba bado begani.

Mwaka uliopita, katika chumba cha mtihani, mkono wa Alfajiri ulikataa kuandika. Maswali aliyajua. Alikaa dakika ishirini akiitazama kalamu, kifua kinambana, akanyanyuka akatoka. Tangu siku hiyo akiukaribia mlango wa darasa miguu inakufa ganzi. Muhula mpya ulipofika hakujisajili. Lakini baba yake alikuwa akipiga simu kila mchana kumuuliza masomo, na Mama Funguo alikuwa akimsifu mbele ya bweni zima, basi kila asubuhi alijiandaa, akatundika ufunguo, akaenda kukaa hospitali. Miezi minane. Baba alisikia sauti za watu kwenye simu akadhani ni za darasani.

"Nikamuuliza, kwa nini hospitali? Mbona bustani zipo?" Mama Funguo alisema. "Akaniambia, mama, pale mtu akilia hakuna anayemuuliza."

Halafu akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Nimekosa, sista. Nilikuwa natafuta wasiotoka. Huyu ametoka kila siku mbele ya macho yangu, na mimi nampigia makofi."

Kesho yake akampeleka kwa mshauri nasaha. Chuo chetu kina maelfu ya watu, wanafunzi na wafanyakazi, na mshauri ni mmoja. Tena chumba chake kimewekwa pua na mdomo na ofisi ya nidhamu, kwa hiyo ukikaa kwenye benchi lake kila apitaye anajiuliza umeiba nini. Mabango hatukosi. Kila mwaka tunayo wiki nzima ya afya ya akili, na fulana zenye maandishi SEMA, USIKIKE, na hotuba, na keki. Karani akampa Alfajiri miadi ya wiki saba mbele na fomu ya kujaza. Fomu ikataka namba ya usajili, usajili ukaonekana umekwisha, jina likapelekwa juu. Jumanne ikaja barua kutoka kwa Mkuu wa Mabweni: si mwanafunzi tena, aondoke chumbani kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa.

Yaani binti alikwenda kuomba msaada akarudi na notisi ya kuhama. Nilikasirika, nakiri, lakini hasira yangu ni ya kukunja uso. Ya Mama Funguo ina miguu. Jumatano asubuhi akamhamishia Alfajiri zahanati kwangu, na godoro lake, akamlaza kwenye kitanda cha dirishani.

"Mwandikie cheti," akaniagiza.

Cheti ndicho kilikuwa kila kitu. Kwa kanuni za chuo, mgonjwa aliyelazwa kwa cheti changu haguswi na mtu mpaka daktari amwone, na daktari wetu huja Jumatatu. Daktari akikubali, masomo yanaahirishwa kwa ugonjwa, nafasi ya mwanafunzi inabaki yake, matibabu yanaanza. Bila cheti jina linafutwa na mtu anarudishwa kwao na sanduku.

Nikampima. Homa hakuna. Presha ya kawaida. Nikamuuliza, "Binti, unaumwa?"

"Hapana, sista. Niko sawa."

"Unalala?"

"Nalala."

Uongo mtupu, macho yake yalikuwa yamezama. Nikamwambia Mama Funguo siwezi kuandika ugonjwa ambao mgonjwa mwenyewe anaukana. Kesho wakimuuliza akasema yuko sawa, cheti kitachanwa na mimi nitaonekana mzushi.

"Mguu uliovunjika mbona hamuusubiri useme?" akanifokea.

"Mguu naushika, mama. Huu nitaushika wapi?"

Akafungua mdomo. Sasa najua alitaka kusema nini, lakini kwa mara ya kwanza akajizuia.

Alhamisi mchana nilikuwa kwenye kistoo cha dawa, mlango uko wazi nusu, nikamsikia akizungumza na Alfajiri. Sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba nilidhani ni mtu mwingine.

"Mume wangu alipofariki walinipa siku nne. Ya tano nikarudi mezani. Nilikuwa natundika funguo hovyo, wa kumi kwenye tisini, wasichana wanagombana mlangoni. Naamka sijui naamkia nini. Watu wakinisalimu, habari mama, najibu nzuri. Nzuri gani? Nimekufa nimesimama. Nikaenda kwa muuguzi nikamwambia kifua kizito. Akanipa vidonge vya kichwa, akaniambia jikaze, mama. Nikajikaza mwaka mzima mpaka nikakauka. Unasikia sauti yangu hii kubwa? Sikuzaliwa nayo. Niliianza mwaka ule, maana nikinyamaza nilikuwa nayasikia ya ndani."

Mama Funguo akaendelea, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kwa sababu hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Wewe nakuuliza mara ya pili, na ya tatu, na kesho nitakuuliza tena. Lakini siwezi kukusemea, mwanangu. Ningeweza ningeshasema."

Muuguzi huyo wa vidonge vya kichwa ni mimi. Nilikuwa nimesahau. Nilikaa juu ya boksi la bandeji nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Nilipotoka nilimwambia, "Mama, nisamehe." Akasema, "Nitakusamehe ukiandika," akaenda kujibu simu.

Ijumaa Mkuu wa Mabweni hakusubiri saa sita. Saa tano na nusu aliingia na askari wawili wa getini. Si mtu mbaya, tumwachie haki yake. Ni mwoga aliyepewa muhuri. Alimkuta Mama Funguo ameweka kiti katikati ya mlango wa zahanati, amekalia, mikono kifuani.

"Mama, pisha tafadhali."

"Hapa napumzika, Mkuu. Magoti."

"Huyo binti si mwanafunzi. Wageni wa chuo wanaingia Jumatatu, kitanda cha chumba chake kinahitajika. Na akijidhuru humu ndani, nani atajibu?"

"Kwa hiyo akajidhurie njiani, ndiyo usalama?"

Mkuu akafuta jasho. "Aende kwao. Wazazi watamtunza."

"Wazazi wanajua yuko darasani! Unampeleka akaseme nini, na hapa kwenye watu wa vitabu hajapata wa kumsikiliza? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Mkuu. Mlivaa fulana mwezi uliopita, wewe ndiye uliyekata keki. Sema, usikike. Yuko huyu hapa. Kaeni mumsikie."

"Utaipoteza kazi yako, mama. Nakuonya mbele ya mashahidi."

"Nifukuze, lakini ufuate foleni. Anza na mimi ndipo umfikie yeye."

Ukumbi ulikuwa umeanza kujaa wasichana, wengine na miswaki mdomoni. Askari mmoja alitazama dari. Mkuu akanigeukia mimi juu ya kichwa cha Mama Funguo. "Sista, wewe ni mtu wa taaluma. Kuna mgonjwa humo ndani au hakuna?"

Nilikuwa na kitabu cha vyeti mkononi, na kalamu. Kabla sijajibu, kitanda cha dirishani kikalia. Alfajiri alikuwa amesimama, miguu peku, shuka begani. Akatembea mpaka nyuma ya kiti cha Mama Funguo, akashika egemeo lake kwa mikono miwili.

"Yupo," akasema. "Mimi naumwa."

Mkuu akasema kwa upole kabisa, "Unaumwa nini, binti? Nimesikia huna homa."

"Silali. Nalala saa moja tu, zilizobaki nahesabu mbao za dari. Nikiona mlango wa darasa nakosa pumzi. Nimemdanganya baba miezi minane. Kuna siku nakaa kwenye lile benchi naomba nipate ugonjwa wa kuonekana, hata mguu ukatwe, ili mtu aniamini." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta, na sauti haikushuka. "Sina homa. Naumwa."

Nikafungua kitabu juu ya meza ya dawa na kuanza kuandika. Nilimuuliza tangu lini, nilimuuliza chakula, nilimuuliza mawazo ya kujidhuru, akajibu yote, na mengine yalikuwa mazito kuyasikia. Niliandika yale yanayoandikwa kwenye cheti, herufi kubwa, nikatia sahihi na muhuri. Mkuu akasema, "Sista, fikiri vizuri." Nikamwambia nimefikiri kwa kuchelewa miaka kadhaa, inatosha. Nikamkabidhi nakala yake.

Aliisoma mara mbili. Akatazama wasichana waliojaa ukumbini, akatazama saa, akajaribu la mwisho.

"Sawa. Hiki kitakwenda kwenye kikao. Lakini mpaka kikao kiamue, binti, chukua vitu vyako, askari watakusaidia kubeba."

Mama Funguo alivuta pumzi, na sote tukajua ni ile ya kabla ya kelele. Alfajiri akamwekea mkono begani. Mama mzima, mwenye sauti ya kuangusha vigae, akafunga mdomo.

"Sitoki," Alfajiri akamwambia Mkuu.

Kisha akarudi kitandani, akajifunika shuka mpaka kidevuni, akawageuzia mgongo.

Mkuu alibaki amesimama na karatasi mkononi. Mama Funguo akanyanyuka taratibu, akasogeza kiti pembeni, akamwonyesha ukumbi.

"Mkuu," akanong'ona, "tokeni polepole. Mgonjwa anataka kulala."